Nilisema "ngitaa" na sitaomba msamaha

Wasee, juzi niliweka video ya dakika saba. Nilikuwa naeleza kwa nini No Need to Argue ya The Cranberries ni albamu bora kuliko The Joshua Tree ya U2. Nilikuwa nimejipanga kwa vita. Mashabiki wa U2 nawajua, ni watu wa maneno mengi na hawalali kabla hawajashinda. Nikaandika hoja zangu kwa daftari, nikapanga taa, nikachana nywele, nikaongea.

Hakuna aliyegusa hoja hata moja. Watu walikwama dakika ya pili, pale niliposema "ngitaa". Mbele kidogo nikasema "mbendi". Halafu, Mungu nisaidie, nikasifu "mbesi" ya Mike Hogan. Msee mmoja akakata hicho kipande, akakirudia mara kumi mfululizo, na kikaenda mbali kuliko video yenyewe. Mwingine akauliza kama nilikuwa na miraa shavuni.

Nilicheka pia, sitadanganya. Enyewe kinachekesha. Lakini siku ya tatu kicheko kikanikauka, kwa sababu kitu walichokuwa wakicheka ndicho hichohicho nilichokuwa najaribu kusema kwenye video. Basi wacha nikirudie kwa maandishi, mahali ambapo hamsikii mdomo wangu.

Kwa wasiojua: Kimeru, kama Kiembu na Kikuyu, hakina b, d na g za kusimama peke yake kama zile za Kiswahili. Kwetu huja zikiwa zimeegemea m au n. Mtoto akikua hivyo, gari ni ngari na baba ni mbamba, na hajui kuna shida mpaka siku atakayoenda mbali na nyumbani. Mimi ni wa Nkubu, siku hizi naishi Embu. Hapa Embu wananicheka, na wao wenyewe r na l zao zinabadilishana viti kama abiria wa matatu. Nairobi inatucheka sote.

Sasa, kuhusu hiyo roki. Nikisema tuko wengi nitakuwa naongopa. Tuko sita. Kila Jumamosi jioni tunakutana kwa fundi wa simu mtaa wa Dallas, akishafunga kibanda. Spika ni yake, chai na chapati tunachanga. Sheria ni moja tu: albamu inachezwa nzima, kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, hakuna kuruka, na simu zote zinaingia ndani ya sufuria yenye kifuniko. Hiyo sufuria ilikuwa wazo langu na bado najivunia. Ukizoea wimbo mmoja mmoja uliochaguliwa na mashine, dakika 50 bila kugusa kitu ni ngumu mwanzoni. Baadaye unaanza kusikia kwamba wimbo wa sita uliwekwa pale kwa sababu ya ule wa tano.

Na kwa nini Ayalandi? Hatukupanga. Karibu kila mtu aliingilia mlango wa Westlife, hata wale wanaokataa. Westlife ni Waayalandi, na mimi sijawahi kuingia nyumba yenye dada mkubwa wa umri fulani ambayo haikupitia Westlife. Kutoka hapo mtu akaanza kuuliza hao watu wametoka wapi na nani mwingine ametoka huko. Fundi alikuta Thin Lizzy kwenye memori kadi ya mteja ambaye hakurudi kuchukua simu. Mimi nilifikia The Cranberries kupitia mwalimu wetu wa Kiingereza wa sekondari, aliyekuwa na kaseti moja na redio ya betri, na alikuwa akituchezea Ijumaa ya mwisho wa muhula akidai ni zoezi la kusikiliza. Tulikuwa tunaandika maneno tunayoyasikia. Nusu ya darasa haikupata hata neno moja, kwa sababu yule dada hakuimba Kiingereza cha kwenye vitabu. Nilidhani kaseti imeharibika.

Haikuwa imeharibika. Ilikuwa Limerick.

Dolores O'Riordan alizaliwa 1971 Ballybricken, kijijini, kaunti ya Limerick. Mtoto wa mwisho kwa familia kubwa, alikulia kwenye kuimba kanisani. Aliingia The Cranberries 1990 akiwa hajafika miaka ishirini. No Need to Argue ilitoka Oktoba 1994, na ukiisikiza leo bado unamsikia msichana wa kijiji ambaye hakuna mtu aliyefaulu kumsafisha. Anavunja neno katikati, analipandisha juu kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, halafu analiangusha. Irabu zake ni za nyumbani kwao. Zombie ni wimbo wa nne kwenye albamu hiyo, na aliuandika baada ya mabomu ya IRA yaliyolipuka Warrington, Uingereza, Machi 1993, yakaua watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 12. Fikiria uzito wa hilo jambo. Kama ningekuwa mtu wa studio ningemwambia, dada, hili ni suala nyeti, tamka vizuri watu wakuelewe. Yeye akaenda kinyume kabisa, akaliimba kwa lafudhi nzito kuliko nyimbo zote zilizotangulia. Nadhani ndiyo maana unauamini. Hasira ya kweli haiji kwa lafudhi ya kuazima. Mama yangu akinikasirikia hasa, Kiswahili kinaisha kwanza, na hapo ndipo najua nimekosa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yangu ya dakika saba. U2 ni wakubwa, hakuna ubishi, lakini kwenye The Joshua Tree wanaitazama Amerika na wanaimba kama watu wanaoitazama Amerika. Cranberries wamekaa kwao.

Mwenzetu anayeendesha boda, mtu wa Kiritiri, hawezi kuvumilia maneno haya. Kwake The Joshua Tree ndiyo mwanzo na mwisho. Anasema ile picha ya jalada, wanaume wanne kwenye jangwa la California, ni Mbeere tupu, ni pale nje ya kwao mwezi wa tisa mvua ikiwa imekataa. Na ana hoja nzito kuliko ya picha. Baada ya tamasha la Live Aid la Julai 1985, Bono na mkewe Ali walienda Ethiopia, wakafanya kazi wiki kadhaa kwenye kambi ya watu wa njaa huko Ajibar. Wimbo unaofungua albamu, ule wa mitaa isiyo na majina, mawazo yake mengine yalitoka hapo. Kwa hiyo, anasema, hiyo ni albamu ya upande wetu wa dunia, wewe unasema Amerika. Siwezi kumjibu vizuri kwa hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba nyimbo tatu za kwanza bendi nyingine ingezistaafia, na upande wa pili unalegea kidogo. Akinisikia nikisema hivyo huwa anavaa helmeti ndani ya nyumba.

Na kwa sababu tumefika Ethiopia, ngoja nizunguke kidogo, kwa maana kuna mtu alishaniambia roki ya Ayalandi haituhusu. Oktoba 1984 BBC ilionyesha picha za njaa kutoka Korem. Bob Geldof, yule wa Boomtown Rats, akaziona kwenye televisheni na hakulala. Mwezi uliofuata akawakusanya wanamuziki wa Uingereza na Ayalandi wakarekodi ile nyimbo ya Band Aid, na mwaka uliofuata Live Aid ikafanyika London na Philadelphia siku moja. Haya yote tunayaambiwa kama hadithi ya Geldof. Lakini aliyebeba kamera Korem alikuwa Mohamed Amin, Mkenya, mzaliwa wa Nairobi, 1943. Mtu wetu! Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono, akarudi kazini na mkono wa bandia, na akafa Novemba 1996 kwenye ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini Comoro. Tukio kubwa kuliko yote la roki ya miaka ile lilianzia kwenye jicho la mtu wa Nairobi, na mimi nililijua nikiwa mtu mzima.

Wimbo wenyewe wa Band Aid sisi hatuuchezi. Tulijaribu Desemba moja, tukauzima katikati, na ndiyo mara pekee sheria imevunjwa. Kuuliza kama watu wa Ethiopia wanajua ni Krismasi! Ethiopia ilikuwa nchi ya Kikristo karne ya nne. Patrick alihubiri Ayalandi karne ya tano. Shukrani kwa chakula, lakini huo wimbo hapana.

Rudi Dallas. Fundi ni mtu wa Thin Lizzy, na kwake hakuna mjadala, ni Live and Dangerous ya 1978. Alisikiza hiyo memori kadi miezi mingi bila kujua sura ya mwimbaji. Siku alipoona picha ya Phil Lynott alitupigia simu sote mmoja mmoja. Mtu mweusi! Nywele za afro, besi mkononi, baba yake wa Guyana, mama yake wa Ayalandi, akalelewa na nyanya yake Crumlin, Dublin. Miaka ya hamsini, mtoto mweusi Crumlin, hebu waza. Alikufa Januari 1986 akiwa na miaka 36, na leo sanamu yake ya shaba iko Harry Street katikati ya Dublin. Kitu kilichompa umaarufu mara ya kwanza, 1972, ni wimbo wa zamani wa kienyeji, ule wa jambazi na wiski yake, ambao wazee walikuwa wakiuimba kwenye baa miaka na miaka. Bendi yake ikauwekea umeme. Fundi husema angekuwa na pesa angefanya hivyo na nyimbo za tohara, na kila mara tunamwambia hizo nyimbo nyingi haziwezi kuchezwa hadharani.

Kuna mmoja wetu, anauza mitumba karibu na steji, mzaliwa wa Runyenjes. Yeye ni Sinéad O'Connor mpaka kaburini. Albamu yake ni The Lion and the Cobra ya 1987, ambayo Sinéad aliitoa akiwa na miaka 20 tu, amenyoa kichwa kwa sababu wakubwa wa kampuni walimtaka afuge nywele apendeze. Aliisimamia mwenyewe studioni, akiwa mjamzito. Jina la albamu limetoka Zaburi ya 91. Nyinyi mnaijua Zaburi ya 91, ni ile ambayo shosho amekata kwenye kalenda ya kanisa akabandika juu ya mlango. Na ndani ya albamu kuna wimbo unaoanza na sauti ya Enya akisoma maneno ya hiyo Zaburi kwa Kiayalandi. Si Kiingereza chenye lafudhi, ni lugha yao yenyewe. Mara ya kwanza tulipofika hapo, mama mwenye ploti alikuwa amekuja kudai kodi. Akasimama mlangoni. Akauliza, "Huyo anaomba na lugha gani?" Tukamwambia ni ya huko kwao, Ayalandi. Akasema, "Kumbe wazungu pia wako na kienyeji," akakaa kwa stuli mpaka wimbo ukaisha. Kodi aliikumbuka baadaye, msidhani ni muujiza.

Lakini hilo neno lake lilinikaa. Wazungu pia wako na kienyeji. Walikuwa nacho, kwa sehemu kubwa wakanyang'anywa.

Mnakumbuka diski? Nilisoma shule ya msingi ambayo sitaitaja. Diski yetu ilikuwa kipande cha ubao chenye kamba, kinanuka jasho la watoto wote waliokuvaa kabla yako, yaani waliokivaa, ona hata leo kikinijia naandika vibaya. Ukisikika ukiongea Kimeru, kinavishwa shingoni mwako. Kazi yako sasa ni kumtega mwingine aongee ili umpe. Jioni aliyelala nacho anachapwa, na anataja aliyempa, na huyo anataja aliyempa, mpaka mstari mzima unachapwa. Mimi nilipata mbinu. Niliacha kuongea. Kuna muhula mzima ambao kwenye ripoti waliandika kwamba mimi ni mtoto mtulivu.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika juu ya kitu hichohicho kwenye kitabu chake cha 1986, kwamba wao kule Limuru walikipata wakati wa mkoloni. Hiyo nilijua. Ambacho sikujua ni kwamba watoto wa Ayalandi walivishwa chao karne ya kumi na tisa. Kwao kilikuwa kijiti cha kuning'inia shingoni, na kila mtoto akiongea Kiayalandi kinakatwa alama moja, halafu mwisho wa siku zinahesabiwa alama na anachapwa kwa idadi hiyo. Mara nyingi wazazi wenyewe walikubali, kwa sababu Kiingereza ndicho kilikuwa na mkate. Kisha ikaja njaa ya viazi, kuanzia 1845, ule ugonjwa wa baridi unaoozesha majani ambao wakulima wa Kibirichia wanaujua vizuri. Karibu watu milioni moja walikufa, wengine kama hao wakapanda meli. Waliokufa na waliohama wengi ni wale wa vijijini walioongea Kiayalandi. Walipokuja kutulia, Kiingereza ndicho kilikuwa kimebaki mdomoni.

Wakakifanya chao. Hapo ndipo roki inaingia kwangu. Ukisikiza Fontaines D.C. kwenye Dogrel ya 2019, yule kijana anaongea Kidublin mpaka unasikia lami. Albamu yao ya 2022, Skinty Fia, inafunguliwa na wimbo wenye jina la Kiayalandi, na sababu yake ni kisa cha kweli. Mama mmoja Muayalandi alikufa Coventry, Uingereza. Familia yake ikataka kuandika kwenye jiwe la kaburi maneno machache ya Kiayalandi, ya kusema atakaa mioyoni mwao milele. Mwaka 2020 mahakama ya kanisa ikasema hapana, si bila tafsiri ya Kiingereza, watu wanaweza kudhani ni siasa. Familia ikakata rufaa, ikashinda 2021. Tulipomaliza huo wimbo mtu wa boda, ambaye huwa hanyamazi, alinyamaza. Baadaye akasema kaburi la babu yake limeandikwa Kiingereza. Babu yake hakujua Kiingereza. Hakuna mahakama iliyowalazimisha, yule fundi wa mawe aliuliza tu wanataka mstari gani na wao wakachagua ule wa kwenye makaburi mengine.

Najua mtasema nini. Kama unapenda lafudhi za watu, sikiliza za kwenu. Nasikiliza! Mugithi nimeimba mpaka sauti ikaisha. Benga naijua, ile gitaa ya kukimbia iliyoanzia kwa Waluo, vidole vikiiga nyatiti, ikapanda mpaka huku mlimani watu wakaigeuza kwa lugha zao. Wapiga ngoma wa Chuka, ngoma ndefu imebanwa kati ya mapaja, ukiwasikia karibu kifua kinatetemeka kuliko spika yoyote ya fundi. Wala sisemi Ayalandi ni bora kuliko sisi. Nasema walikuwa na jeraha kama letu, na kwa sababu liko kwa mtu mwingine niliweza kulitazama bila kuona aibu.

Fundi ana hoja nyingine dhidi yangu na hii ni ya haki. Anasema nadharia yangu ina matundu. Van Morrison ni wa Belfast, na kwenye Astral Weeks ya 1968 hujui kama ni mtu wa Belfast au wa Mississippi. U2 nishawataja. Rory Gallagher mwenyewe alipiga bluu za watu weusi wa Amerika maisha yake yote. Na hizo ni albamu nzuri. Nakubali, hasa Astral Weeks, ambayo siwezi kuitetea kwa nadharia yoyote na naipenda. Lakini ukimtaja Rory mbele yangu nitakukumbusha Irish Tour '74. Belfast ilikuwa inalipuka, wanamuziki wakubwa walikuwa wanaikwepa, na yeye alienda akapiga. Albamu ilirekodiwa Belfast, Dublin na Cork, na mlio wa watu waliokuwa ukumbini ni nusu ya utamu wake. Aliimba bluu za Amerika, sawa, lakini alizileta nyumbani wakati nyumbani hakukuwa salama. Ni lini mara ya mwisho bendi yenye magitaa ilisimama Embu au Meru mjini kwa kitu ambacho si kampeni ya siasa wala uzinduzi wa simu?

Na sasa sehemu ambayo sikuiweka kwenye video.

Mwaka jana kampuni moja ilinipa kazi ya kusoma tangazo. Sauti tu, sekunde arobaini, pesa ya kodi ya miezi miwili. Nikarekodi, nikatuma. Wakarudisha na ujumbe mfupi: punguza Meru. Nikarekodi tena. Wakarudisha tena. Usiku huo nilijifunika blanketi kichwani ili mwangwi usiingie, nikasema "bei" mara kumi na nne, nikibana midomo isitoe ile m. Bei. Bei. Bei. Ilipotoka safi nikaituma, wakalipa, nikalipa kodi. Tangazo likachezwa. Mama yangu alilisikia kwenye redio jikoni akanipigia, akasema kuna msichana kwenye redio anafanana na mimi kidogo kwa sauti, lakini si mimi.

Sijutii hiyo pesa. Mkiniuliza kama ningeikataa, singeikataa, na yeyote anayeniambia angekataa hajawahi kupigiwa na mwenye ploti. Lakini tangu hapo kila video nilikuwa najisikiliza kwanza, nakata kila ngitaa na kila mbendi, narekodi upya. Video ya dakika saba ilikuwa inanichukua siku mbili. Ile ya Cranberries nilikuwa nimechoka. Nikaiacha vile ilivyotoka. Ndiyo hiyo mliyoicheka.

Na kuna mwingine anayengoja kuona nitafanya nini. Yule dada wa mitumba ana nyimbo tatu zake mwenyewe, kwa Kiembu, na gitaa la umeme alilonunua kwa awamu. Si gospo, si mugithi. Ni kelele, kelele nzuri, gitaa linakwaruza kama bati linavutwa kwenye kokoto, na juu yake sauti inaongea juu ya soko, juu ya baba yake, juu ya kulala na mzigo steji. Alizipeleka kwa studio moja. Kijana wa pale akamwambia mambo mawili: imba Kiswahili ama Kiingereza, na ukiimba Kiswahili tutarekebisha hizo r. Aliniuliza mimi, kwa sababu eti mimi ndiye mtu wa mtandao. Hiyo ilikuwa wiki moja kabla ya video yangu. Nilimwambia afikirie walichosema. Nilimwambia hivyo mimi, mtu wa Limerick, mtu wa kuhutubia watu juu ya Dolores O'Riordan.

Nimerudi kwake jana kwenye kibanda. Alikuwa anakunja sweta na hakuniangalia sana. Ile video alikuwa ameiona, na vicheko pia. Nikamwambia nilimpa ushauri mbaya. Akasema anajua. Tukakaa kimya kidogo, akauza sweta mbili hapo katikati. Halafu akasema Jumamosi hii ni zamu yake ya kuchagua albamu, na hataki kuleta Sinéad. Anataka kuleta zake tatu.

Basi Jumamosi hatuchezi albamu ya mtu. Fundi ameshatafuta waya ya kuunganisha gitaa kwa spika, ameichomelea mwenyewe, anasema haitalipuka. Mtu wa boda atabeba ngoma ya plastiki kutoka kwa mama mwenye ploti, ambaye amealikwa. Mimi nitarekodi. Nitamtambulisha kwa Kiswahili, halafu nitaondoka mbele ya kamera, na nitaweka kitu chote vile kitakavyotoka. Jina lake, ametoka Runyenjes, anaimba Kiembu, na hiyo mkononi ni ngitaa.